Fundi Mtandao Aliyekwenda Kwenye Usaili na Kifutu

Saa moja kasorobo asubuhi, Kambarage, mjini Shinyanga. Mihayo Bujiku amelala kifudifudi chini ya meza katika duka la kuchapa na kudurufu karatasi. Tochi ameing'ata mdomoni, na vidole vyake vinafuata waya wa mtandao uliokatika mahali pasipoonekana. Mwenye duka, mama mmoja aitwaye Mageni, amesimama juu yake kama mtu anayengoja daktari atoke wodini.

"Fundi, ni virusi?"

Mihayo anatoa tochi mdomoni. "Ni panya, mama."

"Panya wa kawaida?"

"Wa kawaida."

Mageni anaonekana kuvunjika moyo. Habari ya virusi angeweza kuwasimulia wateja. Panya ni lawama kwa aliyeacha karanga wazi. Anajikaza, anarudi na kejeli. "Sasa si utuletee mmoja wa wale wako awamalize?"

"Wangu hawakodishwi," anajibu Mihayo, na kurudisha tochi mdomoni. Baada ya muda mfupi mashine ya kudurufu inaamka na kuanza kuunguruma.

Mihayo ana umri wa miaka thelathini na sita, stashahada ya teknolojia ya habari aliyoisomea Mwanza, mke, watoto wawili, na kibanda cha bati kilichoandikwa kwa rangi ya bluu kwamba hapa yupo fundi wa simu, kompyuta, kamera na sola. Namba yake ya simu imeandikwa chini, kwa tarakimu kubwa kuliko jina lake. Siku njema hurudi nyumbani na shilingi elfu kumi na tano. Siku mbaya hurudi na shukrani.

Haikuwa hivyo daima. Kwa miaka sita alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya ukandarasi iliyotunza minara ya simu kati ya Shinyanga, Kahama na Geita, kwa mshahara uliokaribia laki saba kwa mwezi. Alipanda, alishuka, alibadilisha betri, alisafisha vichujio vya jenereta. Kisha kampuni ikaleta vifaa vinavyoripoti hitilafu vyenyewe hadi Dar es Salaam, na aliyepewa kazi ya kuvifunga ni yeye. Mnara wa mwisho ulipokwisha kuunganishwa, mkataba wake haukuhuishwa.

"Nilijua," anasema. "Ukifunga kitu kinachofanya kazi yako, unajua. Lakini nilitaka kuona kama kitafanya kazi."

Kilifanya. Vizuri sana, anaongeza, bila kinyongo.

Maneno hayo, nilitaka kuona, yanaeleza sehemu kubwa ya maisha ya mtu huyu, pamoja na sehemu ambazo mkewe angependa zisingetokea. Nyuma ya nyumba wanayopanga kuna antena ya waya wa shaba aliyoipinda mwenyewe ili inase picha za mawingu kutoka setilaiti ya hali ya hewa inapopita juu. Picha hufika zikiwa na michirizi, lakini Ziwa Viktoria huonekana, jeusi, na mwenye subira anaweza kukisia ilipo Shinyanga. Hakuna mvua iliyowahi kunyesha kwa ajili ya picha hizo.

Kulikuwa na mizinga ya nyuki, nyuki walihama. Kuna mashine ya kubangua karanga inayoendeshwa kwa pedeli za baiskeli. Inabangua, na nusu ya karanga inazisaga. Amejifunza kutambua chapa za ng'ombe za koo mbalimbali za wafugaji, elimu isiyo na faida ya wazi kwa mtu asiye na ng'ombe. Anaweza kueleza kwa nini redio hushika stesheni za mbali usiku, na humweleza yeyote anayekosea na kumwuliza.

Mshika mbili moja humponyoka, waliomzunguka wamemwambia mara nyingi. Ni methali nzuri, ila haisemi lolote juu ya mtu ambaye ile moja aliyoishika kwa uaminifu ndiyo iliyomponyoka kwanza.

Tangu mkataba ukatike, Mihayo ametuma maombi ya kazi kwa taasisi za umma, kwa migodi, kwa benki, kwa shule, na mara moja kwa kiwanda cha soda. Amefanya mtihani wa maandishi Dodoma katika ukumbi ambao watahiniwa walikuwa wengi kuliko viti. Amejifunza kwamba ukimya wa mwajiri ni jibu, na kwamba jibu hilo huchukua muda mrefu kuliko mengine.

Matangazo ya kazi humtaka mtu mbunifu, mwenye kujituma na mwenye ari ya kujifunza mambo mapya. Mihayo aliyaamini. Katika wasifu wake aliandika mambo yote aliyojifunza, tangu setilaiti hadi chapa za ng'ombe. Huko Mwanza, mmoja wa wasaili aliusoma hadi mwisho, akauweka mezani taratibu.

"Ndugu yangu," alimwambia, "hapa tunatafuta fundi mtandao. Hatutafuti makumbusho."

Wenzake walicheka. Mihayo naye alicheka, kwa adabu. Aliporudi nyumbani alifuta sehemu yote ya mambo anayopenda. Wasifu ulibaki ukurasa mmoja usiojaa.

Jambo moja halikuwamo katika wasifu ule hata kabla ya kufutwa. Mihayo ni mmoja wa Bayeye, chama cha kale cha Wasukuma wanaokamata nyoka, wanaocheza nao ngomani na kutibu walioumwa. Hakuzaliwa humo, wala hakuingia kwa imani. Miaka minne iliyopita alikwenda Didia na kinasa sauti, akitaka kurekodi nyimbo za Bayeye kabla wazee wanaozijua hawajakwisha. Mjomba wake, Mzee Masalu, kiongozi wa kundi la pale, alimwambia kwamba nyimbo zile haziimbwi mbele ya mtu asiye na chale.

Mtu mwingine angekunja waya zake na kwenda zake. Mihayo alinyoosha mikono. Alichanjwa chale ndogo kwenye vifundo vya mikono yote miwili, dawa ikapakwa, naye akapewa nyimbo alizozitaka. Akapewa pia masharti, ambayo hakuyaulizia bei.

Masharti ya kundi lile ni matatu. Ukiitwa kwa ajili ya nyoka, hukatai. Ukimkamata, humwui. Na ukishamshika, humkabidhi mtu asiye na chale. Unamfikisha porini kwa mkono wako mwenyewe, mbali na makazi ya watu.

"Nilikwenda kuchukua nyimbo," anasema. "Sikufikiri kwamba wimbo unaweza kukupigia simu."

Ulipiga. Bayeye wa vijijini wengi hawajulikani namba zao, lakini namba ya Mihayo ilikuwa ukutani, bluu, tarakimu kubwa. Habari zilipoenea kwamba fundi wa Kambarage ana chale, wito ulianza kutoka Tinde, kutoka Maganzo, hata kutoka Kahama. Aliacha kompyuta za watu zikiwa wazi mezani. Alipoteza wateja wawili wa kudumu na pikipiki moja, aliyoiuza. Kwa wito hatozwi mtu. Anayetaka kutoa hutoa kuku.

Mkewe, Klara, ni Mzinza wa Sengerema na mshonaji. Kwao, anasema, nyoka akiingia ndani anauawa na watu wanaendelea na chakula. Hajawahi kukubaliana na jambo hili. Hata hivyo mifuko ya kubebea nyoka, ya kitambaa kigumu cha viroba vya ngano, huishona yeye, kwa mshono wa mara mbili.

"Kama ni lazima alale na mnyama huyo safarini," anasema, "asilale naye kwenye mfuko mbovu. Nina watoto."

Kisha ikaja nafasi ya Geita.

Aliyeileta ni Herman, mwenzake wa enzi za minara, ambaye sasa ni msimamizi katika kampuni moja inayohudumia mawasiliano ya migodi. Nafasi ilikuwa ya kudumu, yenye bima ya matibabu kwa familia na mshahara uliozidi ule wa zamani. Herman alimpigia debe ofisini hadi wenzake wakalizoea jina lake. Usaili ulipangwa saa tatu asubuhi, katika yadi ya kampuni hiyo nje kidogo ya mji.

Mihayo alitangulia siku moja kabla, akalala katika nyumba ya wageni Nyankumbu. Asubuhi alivaa shati jeupe, akaingia kwenye kibanda cha mama ntilie kunywa chai. Mwenye kibanda, Mama Nasibu, ni Msukuma aliyehamia Geita kutoka Maswa kufuata biashara ya wachimbaji. Alipomwekea kikombe aliona chale kwenye kifundo cha mkono. Akavuta kiti.

"Wewe ni wa wale?"

Mihayo anakiri kwamba alifikiria kukana. "Ndiyo, mama."

"Basi Mungu hakulala. Kuna mdudu kwenye kuni zangu tangu jana. Mwanangu nimempeleka kwa jirani. Wateja wangu wanakula wamekunja miguu."

Hakuna aliyetamka neno nyoka. Kwa Wasukuma hatajwi penye watu, asije akasikia anaitwa.

"Mama, mimi nina usaili saa tatu."

"Nimekukataza kwenda?"

Alikuwa kifutu, mnene kama mkono wa mtu mzima, ametulia katikati ya magogo kwa namna ya viumbe wasiokuwa na haraka. Mihayo alimtoa kwa fimbo na mkono, akamtia katika mfuko wa Klara, ambao hasafiri bila kuubeba, akafunga kamba mara mbili. Mama Nasibu alikataa kupokea fedha ya chai. Ilikuwa saa mbili na robo.

Hapo ndipo ilipofanyika hesabu ambayo isingefanywa na mtu asiye na chale. Pori la karibu lilikuwa mbali mno kwa muda uliobaki. Kumwua hakuruhusiwi. Kumwachia Mama Nasibu hakuruhusiwi. Wala yeye asingekubali. Mihayo alitoa kompyuta katika mkoba wake, akaishika kwapani, na mahali pake akamweka kifutu ndani ya mfuko wake. Wageni wa yadi ile, alikumbuka, huacha mikoba yao getini. Mkoba ungekaa kwenye rafu, nyoka ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mkoba, na baada ya usaili angempeleka porini. Alichosahau ni kwamba mkoba, kabla haujawekwa kwenye rafu, hupekuliwa.

Mlinzi alikuwa Edson, kijana wa Tarime mwenye kauli fupi.

"Kuna nini humu?"

Mihayo hakuwa na uzoefu wa kusema uongo getini. "Nyoka."

"Mzee, hapa hatutaniani."

"Sitanii. Usifungue."

Edson alifungua zipu. Aliuona mfuko, na aliuona ukijisogeza.

Haistahili kumlaumu mlinzi yule kwa lolote alilolifanya baada ya hapo. Alipiga king'ora, kama taratibu zinavyomtaka. Geti lilifungwa. Mabasi ya wafanyakazi wa zamu yalisimama nje na ndani. Watu walikimbilia mahali palipoandikwa kwamba ndipo watu wakusanyike, na Mihayo, fundi aliyezoea taratibu, naye akaenda kusimama hapo hapo na mkoba wake, jambo lililowafanya wengine wote wapahame.

Ilichukua muda mrefu kupata idhini ya kumruhusu atoke na mnyama aliyeingia naye. Herman alifika akitembea haraka, kofia ngumu mkononi.

"Mihayo. Nimekusemea hapa mwezi mzima. Nimewaambia wewe ni mtu makini."

"Amefungwa vizuri," Mihayo alisema.

"Sikuulizi amefungwaje!"

Usaili uliendelea bila yeye. Alitembea hadi porini, akamfungua kifutu, akasubiri hadi akapotea kwenye majani. Kisha akapanda basi la kurudi Shinyanga.

Klara aliisikia habari yote bila kuacha kushona. Alipomaliza upindo, alikata uzi kwa meno. "Watu huenda kwenye usaili na vyeti," alisema. Kisha akatia uzi mwingine kwenye sindano.

Miezi minane baadaye Herman alipiga simu tena. Aliyeajiriwa alikuwa amepata kazi kwingine na kuondoka. Nafasi ilikuwa wazi. Kamati ilikuwa tayari kumsikiliza Mihayo mara moja tu.

"Lakini uje na mikono mitupu," Herman alisema. "Na usije ukaniambia umeitwa njiani. Ukiitwa, usiende."

Klara naye alisema lake, kwa upole uliokuwa mzito kuliko ukali. "Baba Eunice, rudisha hizo chale. Mtoto anaanza sekondari. Mimi nimekushonea mifuko ya kutosha."

Mihayo alikwenda Didia. Alimkuta Mzee Masalu majarubani, suruali imekunjwa hadi magotini, akiziba tuta la mpunga lililokuwa linavuja.

"Mwangaluka, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Shika jembe."

Mihayo alishika jembe. Walifanya kazi kwa muda kabla hajaweza kusema kilichomleta. Mzee Masalu hakuonekana kushtuka wala kuumia.

"Chale si shati," alisema. "Utaivua uiweke wapi?"

"Mjomba, nitakosa kazi."

"Kwani mwiko unasemaje?"

"Nikiitwa, nisikatae."

"Unasema wito usirudi mtupu. Hivyo ndivyo nilivyokwambia. Wewe ndiye uliyejiongezea." Mzee alitupia udongo kwenye tuta, akaukanyaga. "Zamani mtu akiona mdudu, ngoma ilipigwa. Aliyekuwa karibu ndiye aliyekwenda. Wa Tinde hakutoka Tinde kuja Didia. Sasa mmeleta simu, kila mtu anampigia anayemjua. Na wewe umejiandika ukutani kama duka. Unamlaumu nani?"

Mihayo anasema alisimama na jembe mkononi bila kulima. Kwa miaka minne alikuwa amebeba mzigo akidhani amepewa na mila, kumbe alipewa na rangi ya bluu ya ukutani. Fundi aliyelipwa miaka sita ili simu ya kila mtu ipite kwenye mnara ulio karibu naye hakuwahi kufikiri kwamba wito wa nyoka nao ungeweza kupita vivyo hivyo.

Alipotoka Didia hakuwa amerudisha chale. Alikuwa amepewa majina na namba za Bayeye wote ambao Mzee Masalu aliwakumbuka, na ahadi ya kupelekewa wengine.

Alichokijenga kinakaa ndani ya kisanduku cha plastiki kilichokuwa cha biskuti, kwenye rafu ya juu ya chumba cha kushonea. Ndani kuna kompyuta ndogo isiyozidi kiganja na kifaa cha kupokelea simu. Mwenye shida hupiga namba moja. Sauti ya Mzee Masalu, iliyorekodiwa akiwa na haraka ya kurudi shambani, humwambia kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili: "Bonyeza namba ya wilaya yako. Usimpige mdudu. Toa watoto. Ngoja." Kisanduku huanza kuwatafuta Bayeye wa wilaya hiyo, mmoja baada ya mwingine, hadi mmoja apokee.

Haikufaulu mara ya kwanza. Kwa kosa la mpangilio, wito wa majaribio kutoka Tinde uliita simu zote kwa pamoja, na Bayeye wanne walifika nyumba moja. Kila mmoja alisema ndiye aliyeitwa. Walipokuwa wakibishana uani, nyoka aliondoka kwa hiari yake. Mara ya pili umeme ulikatika Kambarage, na namba ikawa haipatikani. Wapo Bayeye ambao simu zao hazina chaji siku nyingi kuliko zilizo nazo, na yupo mmoja aliyeuza yake bila kumwarifu mtu. Anayetaka kuamini kwamba teknolojia huokoa mila atapata hapa sababu chache, na nyingine za kutosha za kutoamini.

Siku ya usaili, Mihayo alifika getini mapema. Hakuwa na mkoba. Vyeti alivibeba mkononi, ndani ya jalada la plastiki angavu. Namba yake ya zamani, ile ya ukutani, alikuwa ameielekeza kwenye kisanduku: asipopokea, wito uhamie huko wenyewe. Edson alikuwa zamu.

"Wewe si ndiye yule?"

"Ndiye."

"Leo umekuja na nini?"

"Karatasi."

Edson alimpapasa kiunoni, mifukoni, hata soksini, kwa uangalifu ambao hakuna mgeni mwingine aliyepewa asubuhi ile. Kisha akamnyooshea kisanduku cha kuwekea simu, kwa sababu wageni hawaingii nazo. Mihayo aliweka yake. Ikaita.

Wote wawili waliitazama. Namba haikuwa na jina.

"Pokea kwanza," alisema Edson. Alisema kwa wema. "Muda unao. Huenda ni nyumbani."

Mihayo anasema hakuna siku aliyokwea mnara akaogopa kama pale. Angepokea, angejua, na akishajua, angekuwa ameitwa. Iliita tena. Ikaita tena.

"Ina wa kuipokea," alisema, na kuingia ndani ikiwa bado inaita.

Wasaili walikuwa watatu, Herman akiwa pembeni bila sauti. Waliuliza juu ya nyaya, juu ya usalama wa mitandao, juu ya kufanya kazi juu kwenye minara. Kisha mama aliyeongoza kikao aliuliza kitu gani amekijenga hivi karibuni. Mihayo alimtazama Herman, naye Herman akatazama dari. Angeweza kutaja kamera za maduka. Alitaja kisanduku.

Alieleza yote: wito, wilaya, zamu, Bayeye wanne uani Tinde. Hakuna aliyecheka, na hilo lenyewe halikumpa matumaini.

"Na umeme ukikatika?" aliuliza mama yule.

"Namba haipatikani."

"Kwa hiyo mtu anaweza kuumwa akiwa anapiga."

"Anaweza. Hapo bado sina jibu. Nina betri ya pikipiki tu, haivuki usiku."

Mama aliandika kitu. Alimwuliza kama, endapo ataajiriwa, ataitwa tena akiwa kazini. Mihayo alisema ataitwa. Alimwuliza atafanya nini. Alijibu kwamba wito hautarudi mtupu, lakini si yeye atakayekwenda. Aliambiwa majibu yatatolewa kabla ya mwisho wa mwezi.

Alipochukua simu yake getini alikuta wito mmoja uliomkosa. Alikaa ukingoni mwa barabara, akapiga namba ile. Alipokea mchimbaji wa Nyarugusu, nyuma yake kelele za watu na mashine ya kuvuta maji.

"Wewe ndiye fundi? Aaa, tumeshamalizana! Alikuwa ndani ya duara, shimoni kabisa, jamaa wamegoma kushuka. Amekuja mama mmoja kwa bodaboda, Scolastika sijui nani. Kamtoa kama anatoa nguo kwenye kamba."

"Amemwua?"

"Hapana, kaondoka naye. Bodaboda ndiye aliyeomba kushuka."

Mihayo alisema wabeja, asante, akakata simu. Scolastika ni mkulima wa Bukoli. Hawajawahi kuonana.

Hadi habari hii inaandikwa mwezi haujaisha, na kampuni haijajibu. Mihayo anaendelea na panya wa Kambarage. Anatafuta betri kubwa zaidi, ya mnara uliofungwa kama ikipatikana, na anataka kuwaongeza Bayeye wa Kahama na Bukombe kabla ya mvua, majira ambayo nyoka huhamia majumbani. Anasema akiipata kazi atahamia Geita peke yake kwanza, watoto wamalize mwaka wa shule. Kisanduku kitabaki Shinyanga.

"Wasiponichukua hawa, nitaomba kwingine," anasema. "Lakini sasa nitaomba nikiwa nimejiandika mzima kwenye wasifu."

Klara hajabadilisha msimamo wake juu ya nyoka, na hakuna dalili kwamba ataubadilisha. Juzi, hata hivyo, alisimamisha cherehani na kuuliza taa nyekundu ya kile kisanduku maana yake nini. Mihayo alimweleza kwa kirefu, kama kawaida yake, kwamba kimekwama na hakipokei simu. Alipomaliza, Klara alisema ikiwaka na yeye Mihayo yuko Geita, atakizima kisanduku na kukiwasha tena. Mengine wasimwombe.